Wasomaji Wanauliza: Maeneo ya Wazi, Makorongo na Mashamba Yanayoingia Mjini Dodoma

Barua nyingi zilizotufikia katika miezi ya karibuni zinahusu ardhi, na nyingi kati ya hizo zinatoka Dodoma. Hilo halishangazi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji. Nimechagua barua tano. Ingawa moja inazungumzia uwanja wa watoto, nyingine ukuta ulioangushwa na maji na nyingine shamba la zabibu, nyingi zinarudi kwenye mchoro wa mipango miji, yaani karatasi ambayo wakazi wengi huanza kuiulizia siku ambayo lori la mawe limeshafika.

*Shikamoo, Mshauri. Katika mtaa wetu, upande wa Nkuhungu, kuna uwanja ambao tangu tuhamie tunaambiwa ni eneo la wazi. Watoto huchezea mpira hapo, msiba ukitokea maturubai hufungwa hapo, na mikutano ya mtaa hufanyika hapohapo. Hivi karibuni mtu tusiyemfahamu ameshusha mawe na mchanga, na tulipomuuliza akatuonesha karatasi na kusema amepewa kiwanja. Mwenyekiti wetu anasema hana taarifa. Vijana wanataka kuyaondoa mawe hayo kwa nguvu. Tufanye nini?*

Marahaba. Kwanza watulizeni vijana. Mkiyaondoa mawe ya mtu mwenye karatasi, hata kama karatasi hiyo haina uzito wowote, ninyi mliokuwa walalamikaji mtageuka kuwa walalamikiwa, na shauri la uwanja litasahauliwa huku mkishughulikia dhamana kituo cha polisi.

Jambo la pili ni kujua uwanja huo ni nini hasa kwenye mchoro. Mara nyingi wakazi huita eneo la wazi sehemu yoyote ambayo haijajengwa kwa miaka mingi, kumbe ni kiwanja cha mtu ambaye hajapata fedha za kujenga, au ni eneo lililotengwa kwa ajili ya shule au zahanati ambayo haijajengwa. Mambo haya yanatofautiana kisheria, na hoja ya mtaa wenu itategemea ninyi mko kwenye lipi. Nendeni idara ya mipango miji ya Jiji, mkitaja mtaa na kitalu (kundi la viwanja lenye jina lake kwenye mchoro), mkaombe kuoneshwa mchoro uliopitishwa pamoja na ramani ya upimaji. Mchoro huonesha matumizi yaliyokusudiwa: makazi, biashara, eneo la wazi, njia ya maji. Ramani ya upimaji huonesha mipaka na bikoni, yaani alama zinazowekwa kwenye kona za kiwanja. Andikeni namba ya mchoro na tarehe ya kupitishwa kwake, kisha mwulize kama umewahi kufanyiwa marekebisho.

Swali hilo la marekebisho lina uzito wa pekee hapa Dodoma kwa sababu ya historia ya mji wenyewe. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wazee huiita CDA, iliundwa mwaka 1973 baada ya uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa, na Mpango Kabambe wa kwanza, yaani mpango mkuu wa kuendeleza mji mzima, ulioandaliwa na kampuni ya Toronto nchini Kanada, ulikamilika mwaka 1976. Mpango huo ulitaka mji wa watembea kwa miguu na usafiri wa umma, wenye vitongoji vilivyotenganishwa na ukanda wa kijani, na ukiupitia leo utaona kwamba waliouchora walilichukulia eneo la wazi kuwa sehemu ya ujenzi, si mabaki yake. Kwa miaka mingi ardhi ya mji ilishikiliwa na CDA na wakazi walipewa hati za miaka 33. Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 15, 2017, majukumu na nyaraka zake zikahamia Manispaa, na Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji. Sasa kuna Mpango Kabambe wa mwaka 2019 hadi 2039. Kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na michoro ya nyakati tofauti, na afisa akikuonesha mchoro mmoja tu bila tarehe, bado hujapata jibu.

Baada ya hapo, itazameni karatasi ya huyo bwana. Kama ni hati au barua ya toleo (barua rasmi ya kumpa mtu kiwanja kabla ya hati), itakuwa na namba ya kiwanja na jina la kitalu, na namba hiyo inapaswa kuonekana kwenye ramani ya upimaji. Risiti ya malipo au ankara peke yake haimfanyi mtu kuwa mmiliki. Mwulizeni pia kibali cha ujenzi, kwa maana hata mwenye hati safi haruhusiwi kuanza msingi mjini bila kibali. Kwa jinsi nilivyoona, swali hili la kibali husimamisha ujenzi haraka kuliko mabishano ya umiliki, na huwapa nafasi ya kufuatilia mengine kwa utulivu.

Ikithibitika kwamba mchoro unaonesha eneo la wazi, basi kiwanja hicho hakikuweza kugawiwa kabla ya matumizi yake kubadilishwa kwa kufuata Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Utaratibu wa kubadili matumizi si wa siri: ombi hupelekwa kwa mamlaka ya upangaji, kusudio hutangazwa ili majirani waweze kuweka pingamizi, na uamuzi hupitia ngazi za juu za wataalamu wa ardhi. Kama hakuna mkazi aliyewahi kuona tangazo wala kusikia likisomwa kwenye mkutano, hiyo ni hoja yenu nzito kuliko zote, nayo muiandike kwanza.

Namna ya kuiandika: itisheni mkutano wa wakazi kupitia mwenyekiti, mahudhurio yaandikwe na kusainiwa, na muhtasari ueleze namba ya mchoro, historia ya matumizi ya uwanja na ombi lenu la zuio la ujenzi. Mtendaji wa mtaa aupitishe kwa mtendaji wa kata na diwani hadi kwa Mkurugenzi wa Jiji, na nakala ipelekwe kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa. Kila nakala mnayoacha ofisini igongwe mhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo, hata yakitolewa kwa mkuu gani, hayana tarehe, na miezi sita baadaye kila mtu atasema hakuambiwa.

Mkilazimika kwenda mahakamani dhidi ya halmashauri, fahamuni kwamba sheria inadai notisi ya siku 90 na kwamba Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika shauri. Siku 90 zinatosha kabisa kwa nyumba kufika kwenye linta, yaani juu ya milango na madirisha, na ndiyo maana ninasisitiza zuio la kiutawala mapema.

Nina neno moja la kuongeza, nalo litawaudhi baadhi yenu. Hakuna anayepanga kujenga duka katikati ya Nyerere Square wala ndani ya bustani ya Chinangali, kwa sababu maeneo hayo yana njia, miti, viti na mtu wa kuyatunza. Uwanja wenu una vumbi na magoli mawili ya miti. Mkishaushinda mgogoro huu, ombeni Jiji liweke bikoni zinazoonekana, pandeni miti kwenye mipaka, wekeni kibao chenye namba ya mchoro, na undeni kamati ya kuutunza. Eneo lenye dalili za kutunzwa humtia wasiwasi mtu mwenye karatasi ya mashaka.

*Ndugu Mshauri, mimi ni mama wa watoto watatu. Tulijenga karibu na korongo ambalo lilikuwa kavu mwaka mzima. Mvua za mwaka jana ziliangusha ukuta wetu na maji yakaingia hadi sebuleni. Dodoma ni nchi kame, sasa haya maji yanatoka wapi?*

Pole sana, mama. Ukame wa Dodoma hauna maana kwamba mvua ni ndogo siku inaponyesha. Wastani wetu kwa mwaka uko chini ya milimita 600, lakini karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili, na sehemu kubwa hushuka katika mvua chache nzito. Mji wenyewe umezungukwa na vilima vya mawe ambavyo havinywi maji, hivyo yanayoangukia huko hushuka kwa kasi kuelekea kwenye makorongo. Korongo ni njia ya maji inayofanya kazi siku chache kwa mwaka, na siku hizo haitaki mpangaji.

Kilichobadilika ni kilichojengwa juu yenu. Kila paa jipya, kila ua uliowekwa pevingi ukuta hadi ukuta na kila barabara ya lami imelifunga eneo ambalo zamani lilifyonza maji na kuyachelewesha. Mvua ileile ya miaka kumi iliyopita leo inafika kwako ikiwa nyingi zaidi na mapema zaidi. Kwa hiyo ukuta uliohimili misimu mitano si ushahidi kwamba utahimili wa sita.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na michoro ya mji nayo hutenga ukanda kando ya makorongo. Nakushauri upime umbali wako na uuangalie mchoro kabla hujatumia shilingi nyingine kwenye ukuta. Kama nyumba iko ndani ya ukanda uliotengwa, ukuta imara zaidi utayasukuma maji kwa jirani wa ng'ambo tu, na wewe bado hutakuwa na usalama wa kisheria wala wa usiku wa mvua. Kama iko nje ya ukanda, tatizo linaweza kuwa ni mtaro uliozibwa na taka au kalivati dogo, na hilo ni la kulipeleka kwa pamoja kwenye mtaa na kata kabla ya Novemba, wakati bado kuna muda wa kuchimba. Usikubali kuondoa nyasi na vichaka vilivyoshika kingo kwa kisingizio cha usafi.

*Mbukwenyi. Mimi ni mkulima wa zabibu, kata ya Mpunguzi. Shamba hili nilirithi kwa baba yangu. Vijana wenye vifaa vya kupimia wamepita na kusema eneo letu litapangwa viwanja. Wengine wanasema tutalipwa fidia, wengine wanasema tutagawana viwanja. Kipi ni bora, na zabibu zangu zitahesabiwaje?*

Mbukwenyi, mzee wetu. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na ni vizuri kuyatenganisha mapema, kwa sababu baadhi ya watu hunufaika yanapochanganywa.

Fidia hutokana na utwaaji wa ardhi kwa manufaa ya umma, kama ilivyokuwa kwa baadhi ya mashamba yaliyopitiwa na reli ya kisasa au barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 inayouzunguka mji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Inajumuisha thamani ya ardhi yenyewe na maendelezo yaliyomo, yaani nyumba, kisima, nguzo, nyaya na mazao ya kudumu, pamoja na posho ya usumbufu na, pale inapostahili, posho za usafiri na makazi na hasara ya faida. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba huanza kuhesabiwa. Chini ya Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, thamani iliyoidhinishwa ikikaa miaka miwili bila kulipwa hupoteza nguvu, na uthamini lazima urudiwe. Usiruhusu mtu akuambie kwamba bei ya wakati ule itatumika milele.

Kuhusu zabibu, hakikisha mthamini anahesabu mizabibu mmoja mmoja, akiandika umri wake. Mzabibu unaozaa mara mbili kwa mwaka, kama ilivyo kawaida hapa Dodoma, ni mali ya miaka mingi, na hauwezi kuandikwa kana kwamba ni tuta la mahindi. Uwepo siku ya uthamini, pamoja na kiongozi wa mtaa na jirani anayepakana nawe. Soma fomu kabla ya kusaini, piga picha ya kila ukurasa, na kama huoni vizuri mpeleke mjukuu asome kwa sauti.

Kugawana viwanja ni makubaliano. Mkulima anatoa shamba, halmashauri au kampuni inagharimia kupanga na kupima, na mwishoni kila upande unachukua sehemu ya viwanja. Utaratibu huu umewanufaisha wengi, kwa sababu kiwanja kilichopimwa na chenye barabara huuzwa kwa bei ambayo ekari ya shamba haiwezi kufika. Lakini umewaumiza wale waliokubali kwa mdomo. Mkataba wako useme asilimia yako, useme viwanja vyako vitakuwa wapi ndani ya mchoro, na useme nani atalipia hati. Uangalie pia sehemu ya barabara na maeneo ya wazi inakatwa kutoka upande wa nani: ni lazima ikatwe kabla ya mgawanyo, kutoka kwenye jumla, la sivyo utakuta barabara zote zimetoka kwako.

Umeuliza kipi ni bora. Kama utwaaji ni wa reli, barabara au taasisi, huna cha kuchagua, na nguvu zako uzielekeze kwenye uthamini sahihi. Kama ni upimaji wa viwanja vya makazi, mimi ningechagua kugawana, kisha ningeomba sehemu yangu moja ibaki kubwa ili niendelee na mizabibu michache. Wapo watakaosema zabibu hazina nafasi mjini. Sikubaliani nao. Kata kadhaa za Jiji letu bado ni za kilimo, na mji unaojitangaza kwa zabibu huku unang'oa kila shamba linaloguswa na lami utabaki na picha ya zabibu kwenye mabango.

Jambo la mwisho, mzee wangu: msiuze vipande vya shamba kwa wageni kabla ya mchoro kupita. Kila kipande kilichouzwa kienyeji huwa kikwazo wakati wa kupanga, na ndivyo makazi holela yanavyoanza hata kwenye ardhi ambayo mwezi mmoja baadaye ingekuwa na mitaa iliyonyooka.

*Jirani yangu Ilazo amegeuza sebule kuwa baa yenye spika kubwa. Anasema nyumba ni yake. Je, ana haki?*

Nyumba ni yake, matumizi hayaamuliwi na yeye peke yake. Hati ya makazi haimruhusu kuendesha baa hadi abadili matumizi, na leseni ya vileo ina masharti yake. Kelele nazo ni kosa chini ya kanuni za mazingira, hata kwa mwenye leseni. Anza na mtendaji wa mtaa, kwa maandishi, ukitaja saa na siku za kelele. Ninashauri uende na majirani wengine wawili au watatu: lalamiko la mtu mmoja husomwa kama ugomvi wa ua kwa ua.

*Shikamoo. Nimehamia Mtumba kikazi kutoka Tanga. Nimepanda miti mara mbili, yote imekufa. Wenzangu wanasema Dodoma haioti miti. Nipande nini, na lini?*

Marahaba, mwanangu. Dodoma inaota miti, haioti miti ya Tanga kwa ratiba ya Tanga. Kule una misimu miwili ya mvua. Hapa una mmoja, ukifuatiwa na takriban miezi saba ya kiangazi chenye upepo. Mche uliopandwa Machi unaingia kiangazi ukiwa na mizizi mifupi, na kufa kwake ni jambo la kutarajiwa.

Chimba mashimo Oktoba au Novemba, ardhi ikiwa bado kavu, yenye upana na kina cha sentimita 60 hivi, uyajaze udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Panda mara baada ya mvua za kwanza za Desemba kuloweka ardhi vizuri, si kwenye manyunyu ya kwanza ambayo hudanganya. Acha kisahani cha udongo kuzunguka shina ili kikusanye maji, kisha ufunike kwa matandazo ya nyasi kavu. Kiangazi kikianza, chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo na kufukiwa nusu kando ya mche itautosheleza kwa maji kidogo, na maji ya kuoshea mboga au kusuuzia nguo yanafaa kabisa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji wetu hutoka visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na si haki kuyamwaga kwa mpira kwenye nyasi za mapambo wakati mtaa wa pili uko kwenye mgao.

Kuhusu aina, mwarobaini ndio rahisi kuliko yote: unavumilia ukame, mbuzi hawaupendi sana, na kivuli chake ni kizito. Ila mji mzima ukiwa wa mwarobaini mtupu, mdudu au ugonjwa mmoja utaukuta umejipanga mstari mmoja. Changanya na mgunga, mkwaju na mjohoro. Mkwaju huchelewa, lakini ukikomaa unakupa kivuli na ukwaju wa juisi. Mbuyu usiupande kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, hata ukiupenda namna gani. Mkalitusi uuache, hasa karibu na kisima.

Miche yote iwe mbali na shimo la maji taka na tangi la chini, na kila mmoja uwe na uzio wa miiba au wavu kwa misimu miwili ya mwanzo, kwani miche mingi iliyopandwa kwa shangwe tangu kampeni ya kuikijanisha Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2017 ilihitaji zaidi mlinzi dhidi ya mbuzi kuliko mtu wa kuipanda. Kabla ya kununua, ukague mfuko wa mche: mzizi uliojizungusha chini ya mfuko au kutokeza nje umekaa bustanini muda mrefu mno, na ndio unaokufa Julai hata ukiumwagilia.